Mama Kichwa Chini

Novemba 7

Naanza na ninachokificha, nisije nikaishiwa pumzi katikati ya salamu. Sioni. Si upofu wa kushikwa mkono njiani. Pembeni bado ipo dunia, naona ukingo wa mlango, upindo wa zulia, bega la mtu anayenipita. Katikati ndiko kulikokwisha. Nikimtazama mtu usoni, uso haupo, pana doa la rangi ya moshi. Watu wa nyumba hii hawajui. Wanajua kuwa moyo wangu umechoka, wanajua kuwa maji yamepanda miguuni, na daktari aliposema tushukuru kwa kila siku wote tulimwelewa. Macho sikuwaambia.

Naandika kwa kalamu nene, ile ya kuandikia maboksi, juu ya karatasi kubwa. Rula naiweka chini ya kila mstari ili maneno yasipandiane. Nilikuwa mwalimu wa jiografia. Mstari ulionyooka bado naumudu.

Liko na jingine nililolificha, la zamani kuliko macho. Hilo si langu, ni amana. Nikijaaliwa nitalifikia.

Novemba 9

Sababu ya kuendelea kuficha macho ni Ruqaya. Ni mdogo wangu, kitinda mimba. Waliozaliwa kati yetu wametangulia, tumebaki sisi wawili, mwanzo na mwisho wa tumbo moja. Alipofiwa na mumewe alihamia kwangu hapa Hail, Maskati. Alikuwa mkuu wa maabara katika hospitali, mtu wa darubini na vichupa. Tangu astaafu mikono yake haina kazi, na mikono ya Ruqaya ikikosa kazi nyumba nzima hupata tabu.

Juzi alikuja na picha ya mama. Iliyo nzuri ni hiyo moja tu, niliipiga mimi mwenyewe mwaka ule tuliohamia Maskati kutoka Unguja. Mama amekaa kizingitini mwa nyumba yetu ya kwanza, Wadi Kabir, kabla magereji hayajaijaza sehemu ile. Anashona kofia. Sindano iko juu, uzi umenyooka. Chini yake, kwenye kingazi, Ruqaya wa miaka sita anakula kitumbua. Nyuma yao pana mlango wa bati ulio wazi nusu, ndoo mbili, kamba yenye kanzu za baba, na majabali. Ni picha nyeusi na nyeupe, ndogo kama kiganja, imejaa vitu mpaka pembeni.

"Nnamshona huyu," akasema. "Mzima mzima, na ndoo zake. Mfarishi wa vipande vya vitambaa, mkubwa kama mlango."

Nikamkumbusha kwamba hajapata kushona hata kifungo. Akasema kifungo ni kitu kidogo, hakimshughulishi.

Kisha akasema lililonifunga mdomo. "Nnataka umwone mama sawasawa kabla hujaenda, Kaka. Kwenye kipicha hiki hata mimi simwoni."



Novemba 14

Amekwenda sokoni Matrah na Namubiru, msichana wa Kiganda anayetupikia na kunitazama, wakarudi na mifuko ya vitambaa. Picha haina rangi, na rangi ninazo mimi. Hilo limeniokoa. Akiniuliza mlango ulikuwa rangi gani sina haja ya macho: kijani kilichopauka, chenye kutu karibu na bawaba. Ndoo moja buluu, nyengine ya bati tupu. Kanzu ya mama, hudhurungi yenye maua madogo meupe, na mtandio wa rangi ya zabibu. Ruqaya akasema, "Mashaallah, kichwa hicho."

Tabu huja anaponinyooshea vitambaa viwili na kuuliza, hichi au hichi? Nimegundua kwamba kile anachokitaka hukitaja wa pili, na sauti yake hushuka. Nachagua cha pili. Mpaka leo hajanipinga.

Novemba 18

Mwalimu wake ni mwanamke wa kwenye simu anayefundisha kwa Kiarabu. Kazi yenyewe, kama nilivyoielewa, ni hii: picha inakuzwa na kuchorwa upya, kila umbo linakuwa kipande, kipande kinachorwa juu ya karatasi yenye gundi, karatasi inabandikwa kwa pasi nyuma ya kitambaa, kisha unakata. Vipande vyote vinapangwa juu ya shuka moja, vinashikizwa kwa pasi, na mwisho vinashonwa ukingo kwa ukingo.

Kabla ya kuchora vipande mwalimu alisema "iqlib as-sura", geuza picha. Ruqaya akaigeuza. Miguu juu, kichwa chini. Nikamuuliza faida yake nini. Akasema ukimtazama mama kichwa chini humwoni mama, unaona maumbo tu, na mkono hautetemeki. Nikaona ni hoja ya mtu wa maabara, nikaikubali.

Novemba 20

Upepo kutwa. Miguu mizito.

Novemba 26

Amejichoma kidole mara nyingi hata Namubiru ameacha kupiga kelele. Anashona nje ya ukingo, anafumua, anashona tena. Nilimsikia asubuhi akikifumua kipande kile kile cha ndoo alichokifumua jana. Mimi niliwahi kufundisha watoto kuchora ramani ya Bara Arabu, na nilikuwa nikiwaambia kwamba pwani ikikukataa mara tatu, iache, nenda kwenye milima. Ruqaya haendi milimani. Anabaki na ndoo mpaka ndoo ikubali.

Nilimwambia ndoo si uso wa mtu, iache ilivyo. Akanijibu, "Mama aliibeba ndoo hii kutoka kisimani, wewe ukisoma vitabu. Itashonwa kwa adabu."

Tunagombania jina pia. Yeye anasema kwilti, kama anavyosikia kwenye simu. Mimi nasema mfarishi, kama alivyosema bibi yetu. Ameniambia mfarishi ni wa kulalia wagonjwa. Nikamjibu kwamba basi mgonjwa ni mimi.

Desemba 3

Siku mbaya kwake. Vipande havikai. Anavipanga juu ya mchoro, bega linakwenda huku, shingo kule, mlango haulingani na kizingiti. Amekaa sakafuni kutwa. Alikataa chai.

Desemba 4

Ametatua. Mchoro mkubwa ameuchora kwenye karatasi nyepesi ya kupitisha mwanga. Leo ameupindua upande wa pili, na vipande vyote vikakaa mahali pake kama vilivyozaliwa hapo. Aliniita kwa sauti ambayo sijaisikia tangu siku alipofaulu mtihani wa mwisho. Nilikwenda na kigari changu cha kutembelea, nikainamisha kichwa juu ya ile kazi, nikaona ukingo wa kijani na ukingo wa buluu na katikati moshi wangu. Nikasema, "Ajabu, Ruqaya." Sikusema uwongo. Lilikuwa ajabu kwamba mtu wa umri wake, asiyejua kushika sindano mwezi uliopita, amekaa na tatizo kutwa kucha bila kumlaumu mtu.

Desemba 5

Kimya. Anashona.

Desemba 11

Mvua tangu alfajiri, ile ya Maskati inayokuja mara moja na kudai kila kitu. Shule zimefungwa. Hisham, mwanangu, alipiga simu kutoka Mabela akasema mabonde yanashusha maji na tusitoke, kana kwamba mimi nilikuwa na safari. Akarudia lile lake, kwamba nihamie kwake, nyumba mpya, chumba cha chini, hakuna ngazi. Nikamwambia tutazungumza baada ya baridi. Akijua habari ya macho, mazungumzo hayatakuwapo. Atakuja na gari.

Umeme ulikatika. Ruqaya hakuweza kushona, akakaa kando yangu dirishani, na tukasikiliza maji. Ndipo akanieleza jambo ambalo kwa miaka yote hii sikulijua. Wakati lilipotokea nilikuwa nafundisha Nizwa, nikirudi nyumbani kwa mwezi mara moja.

Alikuwa na miaka tisa. Alimwomba mama amfundishe kushona kofia. Kofia za mama zilijulikana. Watu walitoka Barka na Sohar kuziagiza. Mama akamshika mkono akampeleka kwa jirani, Bi Kheiria, akamwambia mfundishe wewe. Bi Kheiria alikuwa na ulimi mkali. Ruqaya alirudi na vidole vimetoboka, akamwambia mama nifundishe wewe mwenyewe, hapa, nikuone. Mama akasema, "Wewe soma, mwanangu. Sindano si yako."

"Alikuwa akifunga mlango, Kaka," Ruqaya akaniambia. "Kila akikaa kushona, komeo. Nilikuwa nikikaa nje ya mlango nikisikia uzi ukipita kwenye kitambaa. Nikajua ameiona mikono yangu kuwa mizito, hataki kunivunja moyo. Nimeshika vichupa vidogo kuliko ukucha umri mzima, sijavunja kimoja, nikimwonyesha mtu aliyekwisha kuondoka."

Nikamuuliza kama ndiyo sababu ya mfarishi huu.

Akasema, "Nnataka nimshone yeye akishona. Anikalie mbele, mlango wazi. Basi."

Nilikuwa na jibu lake mdomoni. Lilikuwa hapo, zima, tangu utoto wangu. Nikalimeza. Nilijiambia kwamba amana haifunguliwi kwa sababu mvua imenyesha na mtu amehuzunika. Lakini kabla ya leo nilidhani amana ile haimdhuru mtu yeyote.

Desemba 12

Maji yamepungua. Sikupata usingizi, na si moyo ulioniamsha.

Desemba 19

Namubiru anajua. Nimemkuta ameanza kuweka kikombe mahali pamoja kila siku, kushoto kwa kiti, sikio la kikombe limegeukia kwangu. Leo alipokuwa akinivisha soksi nilimuuliza kwa nini.

"Baba, mi naona wewe huoni," akasema. "Tangu kitambo. Unasalimia pazia."

Nikamwomba asimwambie Ruqaya. Akafikiri. Akasema kwao mzee akisema nyamaza, unanyamaza, khalas. "Lakini soksi moja nyeusi na moja blu, hiyo sitakubali. Watu watasema Namubiru ndiye haoni."

Desemba 28

Siku mbili hospitalini, maji yametolewa. Nimerudi. Ruqaya alikuja na kazi yake wodini, akashona uso wa mama kando ya kitanda changu. Wauguzi walikuwa wakisimama kumtazama. Mmoja alimuuliza amejifunza wapi. Akasema, "Bado sijajifunza." Namjua dada yangu, hakusema hivyo kwa unyenyekevu, alikuwa akitoa taarifa.

Januari 4

Sehemu ya juu imekwisha. Sasa kuna tabaka tatu: picha, pamba, na kitambaa cha nyuma, zimeshikizwa kwa bandi ndefu za muda, naye anazipitia zote kwa mishono midogo midogo ili zishikamane. Nimeruhusiwa kugusa, kwa sharti nisivute uzi. Nilipitisha vidole. Nikayapata majabali, mistari mirefu inayopanda. Nikaupata mlango, kwenye bati lake amepitisha mistari iliyosimama, bonde na tuta, bonde na tuta, mpaka vidole vyangu vikasikia bati. Nikaupata mtandio wa mama, ambao hakuushona kwa mistari bali kwa miviringo midogo midogo, kama nywele zilizokuwa chini yake. Hakuna aliyemfundisha hilo. Kwenye simu hakuna somo la mtandio wa mama.

Nimeishi na watu waliosoma sana. Nimekaa nao kwenye kamati, nimesikia wakisifiwa, nimewasifu. Sijui kama niliwahi kumstahi mtu kama nilivyomstahi leo huyu bibi wa miaka karibu sitini, mwenye plasta kwenye vidole vinne, anayeniambia niondoe mkono maana umeukalia uzi.

Januari 10

Pindo. Bado upande mmoja. Amesema Ijumaa ijayo tutautundika, na Hisham na mkewe waje wale chakula cha mchana.

Januari 13

Nafanya mazoezi. Nimeikariri picha kama nilivyokuwa nikikariri majina ya miji mikuu kabla ya kuingia darasani. Mlango, bawaba, ndoo ya buluu, ndoo ya bati, kanzu za baba, kofia, sindano, kitumbua. Nataka nimpe sifa ya mtu aliyeona, kitu kwa kitu, si "ajabu" tupu.

Ijumaa, Januari 16

Hisham na mkewe Buthaina walifika baada ya sala. Biriani ilikuwa tayari. Ruqaya hakula. Aliutundika mfarishi sebuleni kwenye ukuta mkubwa, akaufunika kwa shuka, na tulipokwisha nawa mikono akasema, "Kaka, wewe kwanza."

Nikasikia shuka ikianguka. Nikanyanyua uso kuelekea ule ukuta. Kijani pembeni, buluu pembeni, moshi.

Nikasema nilichokariri. Nilisema ule ndio mlango wenyewe, na kutu yake, umefungukia upande wa kushoto kama ulivyokuwa ukifungukia. Nilisema kanzu za baba ziko kulia na zinataka kupepea. Nikasema, "Na mama, subhanallah, sindano mkononi, mkono wa kulia umenyanyuka vile vile. Na wewe, Ruqaya, na kitumbua chako mkono wa kulia, kama tulivyokufundisha."

Nikangoja waseme. Nikadhani wameguswa.

Kisha Hisham akacheka. "Baba leo ana mzaha."

Buthaina naye, ambaye ana ulimi mwepesi lakini hana ubaya, akasema, "Lakini kweli, Shangazi, mbona umejishona unakula kwa kushoto? Wewe na Ami hapa ndio mlikuwa mkiwapiga wanangu vidole mezani."

Wakaenda kuichukua picha ndogo wailinganishe. Niliwasikia wakicheka, kisha kicheko kikipungua. Mlango umehamia upande mwengine. Kamba ya nguo kule, ndoo huku. Kila kitu kimekwenda kinyume, kama mtu aliyejitazama kwenye kioo. Mwalimu aliposema "iqlib" alikuwa na maana ya kioo: kinachochorwa nyuma ya kitambaa, mbele hutoka kinyume, kwa hiyo unaanza nacho kinyume. Ruqaya akageuza kichwa chini. Vipande vilipokataa kukaa, akaupindua mchoro ili uvifuate, na mimi nikampongeza. Miezi hii yote alikuwa ameinamia kipande kimoja kimoja, na mama miguu juu, hakusimama mbali akatazama.

Ruqaya hakuwa akicheka wala kulia. Nilihisi amesimama mbele yangu. Pembeni niliuona upindo wa buibui lake.

"Kaka," akasema taratibu. "Kitumbua changu kiko mkono gani?"

Ningeweza kusema kushoto, nimeshasikia. Lakini alikuwa akiuliza jambo jengine, na tulijua sote wawili.

"Sijui," nikasema.

"Haya," akasema. Akaokota shuka, akaufunika ukuta.

Januari 17

Hakunisalimia. Hisham amepiga simu mara tatu.

Januari 18

Namubiru anasema Mama, ndivyo anavyomwita Ruqaya, amekaa chumbani na sindano hajaishika. Namubiru ameniwekea kikombe mahali pake, na soksi zote mbili nyeusi.

Januari 20

Amekuja. Alivuta kiti akakaa.

Akauliza tangu lini. Nikamwambia tangu kabla ya Ramadhani iliyopita. Akauliza kwa nini. Nikamwambia mwanzo nilihofia Hisham atanihamisha, kisha yeye akasema siku ile kwamba anataka nimwone mama kabla sijaenda, nami sikutaka kumnyang'anya sababu ya kushona.

"Nilikuwa nnakushonea wewe macho yako," akasema. "Kumbe nnashonea ukuta."

Nikamwambia nimeuona. Nikamweleza bati, tuta na bonde. Nikamweleza miviringo ya mtandio. Nikamwambia kwamba mwenye macho angepita juu ya mtandio ule akaona rangi ya zabibu tu, na mimi nilipata nywele za mama. Alinisikiliza. Nilimsikia akipenga kamasi.

Akasema Hisham anataka kunichukua Mabela, naye amemjibu kwamba mimi si kochi. Nitabaki hapa, na tutanunua taa kubwa.

Kisha akasema, na sauti yake ilikuwa ile ya maabara, kwamba mfarishi hauwezi kubaki vile. Mlango na ndoo na majabali atayaacha. Nani ataudai mlango? Kitumbua chake nacho atakiacha, wamcheke yeye, kashazoea. Lakini mama hapana. "Watakuja watu kukuzika, Kaka, nisamehe, lakini watakuja, watakaa sebuleni mle, watamwona mama ameshika sindano kwa mkono wa chooni. Simwachi hivyo. Nitafumua mikono yote miwili nianze upya."

Nikamwambia mikono ndiyo iliyomchukua muda mrefu kuliko vyote.

"Najua," akasema. "Ilitoka vizuri. Ndicho kinachoniuma. Uzi ulikuwa ukipita kwenye mkono ule kama mkono unaujua."

Januari 21

Nimekaa na amana yangu kutwa. Aliyeniwekea amefariki miaka mingi, hawezi kunipa ruhusa. Lakini nilisoma fiqhi kidogo nikiwa kijana, na hili nalikumbuka: mwenye amana akifa, mali haiwi ya aliyewekewa. Inakwenda kwa warithi. Na mrithi wa mikono ya mama ni mmoja tu.

Januari 22

Asubuhi niliusikia mkasi mdogo. Anakata uzi mmoja, anavuta, anakata mwengine. Alikuwa ameutandika mfarishi mezani, na alikuwa ameanza na kidole gumba cha mama.

Nikamwita aje akae, na aje na mkasi mkononi ikiwa hawezi kuuacha.

Nilimweleza kwamba nilikuwa na miaka minane, Unguja, nyumba ya bibi mzaa baba. Mama alikuwa ndani anashona na komeo la mlango ule lilikuwa bovu. Nilisukuma, likaachia. Nikaona. Mama akaniona kwamba nimeona. Hakunigombeza, alinivuta akanikalisha, akaniambia, "Liweke hili, Harub," na nikaliweka. Aliolewa katika nyumba ile kwa sifa ya kofia zake. Watu walizivaa kuendea msikitini, makadhi walizivaa, na hakuna hata mmoja ambaye angeitia kichwani kofia ile akaenda kusali kama angejua ilivyoshonwa. Utotoni walimfunga kwa kitambaa miezi mizima ili aache, akaacha mbele ya watu. Siku niliyompiga picha pale Wadi Kabir, alikuwa amejisahau akakaa kizingitini, mlango wazi. Aliponiona na kamera aliihamisha sindano, akanitazama, ndipo nikabonyeza.

Ruqaya aliuweka mkasi mezani.

"Alikuwa ananificha mimi?" akauliza.

Nikamwambia alikuwa akijificha yeye, na kwamba aliogopa. Mtoto wa kike hukaa ubavuni mwa mama yake akaiga.

"Ningekaa mbele yake, Kaka," akasema. "Ningekaa mkabala naye, ningeshika kila kitu, kama kwenye kioo." Alicheka. Kisha nikasikia akimwita Namubiru amletee uzi wa rangi ya mkono, anarudishia kidole gumba.

Utatundikwa ulivyo. Nami nayaandika hapa niliyomwambia, kwa kalamu nene, yasije yakaondoka pamoja nami. Mama yetu alikuwa mtu wa shoto. Kila kofia aliyoishona, aliishona kwa mkono wa kushoto.